Je, watu wa jangwani wanaishi, au wanavumilia tu?



Jumapili moja, baada ya ibada, mama mjane wa kanisa letu hapa Kalemie alinivuta kando. Mwana wake wa pili ni fundi wa kuchomelea vyuma, naye amefungua atelie ndogo katika mji wa Lodwar, kaskazini-magharibi ya Kenya. Amempigia mama yake simu: uza parseli, uje tukae pamoja. Mama alijua kwamba mimi nilikaa mji ule katika ujana wangu. Akaniuliza: "Baba shemasi, wewe ulikaa kule. Niambie kweli. Watu wa jangwani wanaishi, au wanavumilia tu?"

Nilimjibu jibu la mlangoni. Nilisema: "Mungu yuko pahali pote, mama." Akaitika, akaenda zake. Lakini jibu lile lilinisumbua juma zima, maana mama hakuuliza Mungu yuko wapi. Aliuliza kama auze parseli ambayo marehemu mume wake aliinunua kwa jasho. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika karatasi yetu hii nijaribu tena, kwa sababu najua kuna jamaa nyingine kati yetu zenye watoto upande ule.

Kwanza niseme namna nilivyofika. Vita vya mwaka 1998 vilitutawanya. Mimi nilivuka ziwa mpaka Kigoma, nikafika Nairobi, na mwaka 1999 nikapelekwa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika nchi ya Waturkana. Wakongomani wengi wanaijua, na hata leo watu wetu wako kule, na katika makao ya Kalobeyei yaliyoongezwa kando yake mwaka 2016. Kutoka kambini nilipata nafasi ya kusoma sekondari Lodwar, mwendo wa kilometa kama 120. Kwa miaka minne nililala kwa mjane mmoja Mturkana. Watu wote wa kartie walimwita Nyanya, nami vilevile.

Sisi wa Kalemie tunapata mvua ya zaidi ya milimeta 1000 kwa mwaka. Lodwar inapata kama 200, na kuna miaka haifiki hata hapo. Joto la mchana ni digrii 35 karibu kila mwezi; hakuna msimu wa baridi wa kungojea. Mto Turkwel unapita mjini, lakini sisi tulikaa mbali nao, upande wa laga ya Kawalase. Laga ni mto wa mchanga. Mtoto wa Kalemie akiambiwa kwamba ule ni mto atacheka. Halafu siku moja mvua inanyesha mbali milimani, mbingu ya mjini ni nyeupe kabisa, na maji yanakuja kwa nguvu yakiwa na miti na mbuzi waliokufa. Kesho yake ni mchanga tena.

Ndani ya mchanga ule ndimo nilimojifunza jambo ninalotaka kulisema.

Mwaka 2001 pompe ya kartie yetu ilikufa. Kila jamaa ikachimba kisima chake katika laga, shimo la kimo cha mtu, maji yakitoka polepole chini kama jasho. Mama anashuka ndani, anachota kwa kikombe, anajaza bido ya lita 20 kwa muda mrefu sana. Kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Mpita njia mwenye kiu anakunywa katika kisima cho chote, hakatazwi. Lakini kujaza bido ni lazima umwombe aliyechimba. Watu kwanza, kisha mbuzi wadogo, kisha punda. Na bido iliyoachwa katika mstari ni mtu, huisogezi.

Mimi nilikuwa na mtihani siku ya pili. Usiku nilikwenda nikajaza bido mbili katika kisima cha mama mmoja jirani, mwenye mtoto mgongoni. Nilikuwa na haraka, sikujua kushuka vizuri, na ukuta wa mchanga ukaanguka. Nikakimbia.

Asubuhi hakuna mtu aliyenigombeza. Nyanya alitazama bido, akatazama miguu yangu, akasema: "Viatu vyako vimeandika." Maana kartie nzima ilivaa kandambili za mpira wa gari, na mimi peke yangu nilikuwa na viatu vya shule, vyenye alama chini. Kutoka kisima mpaka mlango wetu nilikuwa nimeandika barua juu ya mchanga, na kila mtu alikuwa amekwisha kuisoma kabla ya jua kupanda. Mwenye duka aliniuliza kama nimelala vizuri. Aliniuliza hivyo siku tano.

Nilikwenda kuchimba upya. Siku tatu. Yule mama alikaa juu ya ukingo na mtoto wake, hakunisaidia wala hakunitukana. Baadaye, mwezi wa kumi, nilipata malaria kali, Nyanya akiwa safarini kwa binti yake. Siku ya pili ya homa mlango ulifunguliwa mchana katikati, wakati ambao hata mbwa hawatembei, na yule mama akaweka bido nusu karibu na kichwa changu, akatoka.

Nilipolieleza jambo hili katika kikao chetu cha mashemasi, ndugu mmoja alinipinga, naye ni mtu wa akili. Alisema: huo si upendo. Katika mji mdogo wa mchanga kila mtu anaonekana, kwa hiyo kila mtu anajiangalia. Na kila mtu anajua kwamba kesho yeye ndiye atakayekuwa na kiu, kwa hiyo anatoa leo ili apewe kesho. Toa macho ya watu na uoga wa kiu, utaona kitakachobaki.

Nimefikiri sana juu ya neno hili. Nusu yake nalikubali. Mimi mwenyewe sikuchimba upya kwa sababu ya utakatifu. Nilichimba kwa sababu ya viatu. Kama ningefanya kosa lile hapa kwetu, katika mji mkubwa, ningekuwa nimelisahau. Kwa hiyo jangwa lilinilazimisha kufanya haki. Na mtu anayelazimishwa, je, amefanya haki?

Lakini nusu ya pili siikubali. Yule mama hakuwa na sababu ya kuniogopa. Mimi nilikuwa mgeni, mkimbizi, kesho ningeondoka, na kweli niliondoka bila kumlipa kitu. Desturi inaweza kuzaliwa na kiu, sikatai. Lakini desturi haina miguu. Haitembei yenyewe saa sita mchana na bido kichwani kwenda kwa mtu aliyekuvunjia kisima.

Tena tujitazame. Sisi tuna ziwa zima. Tanganyika imejaa hata ikapanda na kuingia katika nyumba za watu wa ufukoni miaka hii. Na kipindupindu hakituachi. Tunakaa na maji mengi, na jirani anatupa uchafu pale jirani mwenzake anapochota, kwa sababu maji hayana mwenyewe na mchanga wa ufukoni unasafishwa na mawimbi kila usiku. Hakuna viatu vinavyoandika hapa. Wingi haukutufanya wabaya, sisemi hivyo, lakini umetupa ruhusa ya kutokujuana.

Basi mtu asiniambie sasa kwamba shemasi anasifu kiu. Hapana. Nimesikia wahubiri wakisema jangwa linamsafisha mtu, na mara nyingi wamesema hivyo wakiwa wametoka kula bukari na samaki. Kutoka mwaka 2020 mpaka 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana upande ule wa Kenya, mmoja baada ya mwingine. Nyanya alikuwa amekwisha kufariki, na hilo naliona ni rehema. Wajukuu wake waliniambia kwa simu namna mbuzi walivyokwisha. Kwa Mturkana mbuzi ni benki, ni mahari, ni dawa, ni heshima ya mzee anapoketi juu ya kigoda chake kidogo. Walikwisha. Na kusini, mpakani na Wapokot, watu wanaendelea kuuana kwa bunduki kwa ajili ya mifugo na majani. Ni watu walewale wa desturi ya kisima. Kiu kidogo inaleta utaratibu. Kiu kubwa inauvunja. Mpaka kati ya hizo mbili sikuuona, na nafikiri mwenye kiu pia hauoni mpaka amekwisha kuuvuka.

Kuna mzigo mwingine ambao sikuujua nikiwa kijana: mji kama ule unafundishwa kungojea. Mwaka 2012 mafuta ya petroli yaligunduliwa Lokichar, kusini ya Lodwar. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi kuna ziwa la maji lililofichika, maji ya kutosha miaka mingi. Watu walicheza ngoma. Baadaye walipopima vizuri, maji ya Lotikipi yakaonekana kuwa na chumvi nyingi. Hata mti walioletewa zamani ili uzuie mchanga, ule wanaouita mathenge, umegeuka kichaka cha miiba kinachoziba njia na malisho, ingawa wamama wanauchoma makala na kupata chochote. Mtu akiletewa matumaini kutoka mbali mara tatu, nne, anaanza kutazama barabara kuliko kutazama shamba la mkono wake.

Na kuonekana kule nilikokusifu juu, kuna siku kunachosha. Huwezi kulia bila kartie kujua. Msichana akizungumza na kijana penye duka, habari inafika nyumbani kabla yake. Vijana wengi nilioketi nao darasani walikwenda Kitale na Nairobi, si kwa kazi tu, bali wapate pahali ambapo hakuna anayejua nyayo zao. Siwahukumu.

Sisi watu wa kanisa tuna kosa letu katika jambo hili. Tukitaja jangwa tunataja njia. Waisraeli walipita miaka 40. Eliya alipita. Bwana mwenyewe alikaa siku 40, akatoka. Kwa hiyo tunafikiri jangwa ni darasa, na mtu akimaliza somo anakwenda nyumbani. Wakoloni Waingereza walifikiri karibu vilevile: mtu waliyetaka asahauliwe walimpeleka huko. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, mwaka 1959 akaletwa Lodwar, na mwaka 1961 ndipo akahamishwa Maralal. Kwake Lodwar ilikuwa kifungo. Nyanya alikuwa msichana wakati ule, na alikuwa akikumbuka miaka hiyo kwa sababu nyingine kabisa: mbuzi walizaa vizuri, akaposwa. Nilimwuliza kama hakujua kwamba mahali pake palikuwa gereza la serikali. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema gereza lilikuwa la yule aliyengojea kutoka.

Katika Mwanzo 21 yuko mmoja tunayemsahau, naye ni Ishmaeli. Yeye hakupita. Alikaa jangwani, akakua huko, akaoa, na Maandiko hayasemi kwamba Mungu alimwacha kwa ajili hiyo. Yasema kinyume.

Alhamisi nilikwenda kwa yule mama na jibu la pili. Nilimweleza yote haya, hata habari ya kisima, ambayo hapa kanisani sikuwa nimeisema mbele ya wamama. Nilimwambia: mama, kama unakwenda ili umngojee mwana wako atajirike mrudi, utavumilia, na utachoka upesi, maana jua la kule halina huruma kwa anayehesabu siku. Kama unakwenda kukaa, utaishi, lakini utaishi ukionekana, na ukikosa watajua kabla hujatubu. Tena usiuze parseli. Ipangishe. Mvua ikikosekana miaka mitatu, mjane mgeni asiye na mbuzi wala ukoo hana pa kushika, na mwana mwenye atelie atachomelea nini kama watu hawana fedha ya kununua hata unga?

Alinyamaza. Alikuwa akichambua sombe, hakuinua kichwa.

"Yule mama wa kisima," akasema, "yuko hai?"

"Sijui, mama."

"Jina lake nani?"

Nilifungua kinywa, nikaona kwamba sina la kusema. Nilivunja kisima chake, nikanywa maji yake, na katika miaka minne sikumwuliza jina. Yeye alizijua hata nyayo zangu.

Mama akamwaga maji ya sombe, akasema ataipangisha parseli kuanzia mwezi ujao, na akifika atauliza.