Je, Fumbo ni Uongo?

Nyumbani kwetu Bwiza muziki hauombi ruhusa ya kuingia. Baa ya upande mmoja hupiga rumba la Kongo, majirani wa upande wa pili hupenda bongo fleva, na mwisho wa juma, harusi ikiwapo Buyenzi, upepo hutuletea taarabu. Nilizijua nyimbo nyingi za mapenzi kabla sijajua mapenzi ni nini. Nilipofika miaka kumi na sita nikagundua jambo ambalo sikumwambia mtu: kila nilipoimba nyimbo hizo, aliyekuwa akilini mwangu alikuwa mvulana.

Kwa kuwa insha hii inahusu ukweli, sina budi kuanza kwa ukweli. Mimi ni mwanamume, na ninaowapenda ni wanaume. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: ninapoimba mbele ya watu wimbo wa mapenzi, nao wakaamini kwamba ninamwimbia msichana, hali najua kwamba sivyo, je, nimewadanganya?

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni swali dogo. Kwetu si dogo. Burundi haikuwa na sheria ya kuadhibu mapenzi ya watu wa jinsia moja hadi tarehe 22 Aprili 2009, mimi nikiwa mtoto mdogo. Mwezi Februari mwaka huo Seneti ilikikataa kifungu hicho, lakini Bunge likakirudisha, na kikawa sheria: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Sheria mpya ya makosa ya jinai ya mwaka 2017 ilikibakiza. Mwishoni mwa Desemba 2023 Rais Évariste Ndayishimiye alisema hadharani kwamba watu kama mimi wangefaa kukusanywa uwanjani na kupigwa mawe. Ndiyo sababu wahariri wamekubali insha hii itoke bila jina langu.

Nianze na lugha, kwa kuwa sisi sote hapa ni wanafunzi wa lugha. Shuleni tulifundishwa Kifaransa, na Kifaransa hakikupi nafasi ya kupumua. Ukimtaja mtu, lazima useme kama ni mwanamume au mwanamke. Hata sifa unayompa lazima ikubaliane na jinsia yake. Ukiandika wimbo wa mapenzi kwa Kifaransa, siri yako inaweza kutoka kwa herufi moja tu. Kiswahili hakifanyi hivyo, na Kirundi vilevile. "Anapita", "nimemwona", "macho yake": hakuna anayejua kama huyo ni kaka au dada. "Mpenzi" ni yeyote. Wazee walioturithisha viambishi hivi hawakuvitengeneza kwa ajili yangu, lakini waliacha mlango wazi, nami nikapita.

Kuna sehemu chache ambapo mlango unafungwa. Tuna maneno kama "binti" na "mume". Tuna pia kitenzi "kuoa", ambacho kwa desturi mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Hapa ndipo wimbo wa Malaika unaponishangaza. Karibu kila mtu Afrika Mashariki anaujua. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, na wako wanaosema kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania; ugomvi huo haujaisha. Anayezungumza ndani ya wimbo ni kijana asiye na mali, anayetaka kuoa na hawezi. Lakini walioupeleka wimbo huu mbali duniani ni wanawake. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba miaka ya 1960, na Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi mwaka 1991. Wote wawili walimwimbia malaika yuleyule, na kitenzi hawakukigeuza. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini mwanamke anataka kuoa. Watu husikia huzuni ya asiye na uwezo wa kuishi na anayempenda, basi. Niliposikiliza sauti ya Makeba niliielewa huzuni hiyo vizuri, ingawa kinachonizuia mimi si mahari.

Rafiki yangu mmoja tunayesoma naye, ambaye hajui habari zangu, aliwahi kunibishia kuhusu maana ya nyimbo. Alisema kwamba maana ya wimbo ni ile aliyoikusudia mtunzi, na anayeongeza yake ni mwizi. Nilimjibu kwa mfano wa taarabu, nami naurudia hapa. Tangu siku za Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyesafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka 1928, taarabu imejengwa kwa mafumbo. Mtunzi anataja ua, ndege au chombo baharini. Ukumbini mwanamke mmoja anainuka polepole, anacheza hadi mbele, na kumtunza mwimbaji kwa pesa kwenye ubeti unaomhusu. Kwa kufanya hivyo anatangaza kwamba maneno haya ni yake, na pengine adui yake aliyekaa meza ya tatu anaelewa pia. Mtunzi hakuwajua wanawake hao. Hata hivyo hakuna anayewaita wezi, kwa sababu fumbo limetungwa ili msikilizaji alimalize. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Basi jibu langu la kwanza lilikuwa rahisi: fumbo si uongo, na mimi sijamdanganya mtu. Nililipenda sana jibu hilo. Lilikaa vizuri pamoja na wimbo mwingine niliokua nao, Sina Mali, Sina Deni, wa Khadja Nin, mwanamke aliyezaliwa hapahapa Bujumbura. Umo katika albamu yake ya Sambolera ya mwaka 1996, na muziki wake aliuchukua kwa Stevie Wonder, akaupa maneno ya kwetu. Mama alikuwa na kaseti yake. Mimi nililishika lile jina tu, nikalifanya kauli yangu ya maisha. Sina deni. Hakuna ninayewiwa naye maelezo. Ninaimba, ninajua ninachojua, na wengine waelewe wanavyotaka.

Sasa nieleze jinsi nilivyogundua kwamba ninalo deni.

Binamu yangu alikuwa anaoa. Jioni, wageni wengi wakiwa wameondoka, vijana tulibaki uani tukiimba pamoja na spika. Ulipoanza wimbo wa Nitafanya, ule ambao Kidum, Mrundi mwenzetu aliyejijengea jina Nairobi, aliuimba na Lady Jaydee, niliimba nimefumba macho. Nilipofumbua, shangazi yangu alikuwa ananitazama huku akicheka.

"Eeh, mwanangu! Huo wimbo ni wa nani?"

Watu waligeuka. Ningeweza kusema, "Ni wa Kidum, shangazi," na kicheko kingeniokoa. Lakini hofu ina mbio kuliko akili. Niliangaza macho, nikamwona msichana wa jirani yetu aliyekuja kusaidia jikoni, nikamwelekezea kidole. Watu walipiga vigelegele. Yeye aliinama, akatabasamu.

Ilikuwa kama mzaha, lakini mtaani kwetu mzaha wa namna hiyo haufi usiku uleule. Shangazi alianza kumwita mkwe. Mimi sikukanusha, kwa sababu ulinzi huo ulinifaa mno: binamu zangu waliacha kuniuliza maswali. Msichana alianza kunihifadhia chakula. Kijana mwingine alipokwenda kumposa, alimwambia asubiri. Miezi minane ilipita hivyo. Kisha siku moja alinisimamisha karibu na soko la Jabe.

"Kaka, niambie ukweli. Kosa langu ni nini?"

Sikumjibu. Nilisema nina haraka.

Swali lake lilivunja jibu langu rahisi. Usiku ule nilijaribu kujitetea kama mwanafunzi wa falsafa. Nilijiambia kwamba hata Immanuel Kant, ambaye katika maandishi yake ya mwaka 1797 alikataza kumdanganya hata muuaji anayemtafuta rafiki yako, hakudai kwamba mtu analazimika kusema kila alijualo. Kwa hiyo mtu anaruhusiwa kunyamaza. Ni kweli. Lakini mimi sikuwa nimenyamaza. Nilikuwa nimenyoosha kidole.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya fumbo na uongo, nayo haimo katika maneno yenyewe. Anayeimba fumbo humwachia msikilizaji uhuru wake. Yule mwanamke aliyekaa meza ya tatu anaweza kulipokea au kulipuuza, naye akirudi nyumbani hakuna alichoibiwa. Uongo humchukulia mtu kitu. Wimbo niliouimba nimefumba macho haukumchukulia mtu chochote. Kidole changu kilimchukulia binti wa watu miezi minane, na mchumba ambaye huenda angemfaa, na zaidi ya hayo kilimfanya atafute kosa ndani yake ambalo halikuwepo. Niliufanya moyo wake ngao yangu, bila kumuuliza.

Mtu atasema: ungefanyaje, na sheria ni ile? Ninakubali kwamba hofu yangu haikuwa ya kubuni, na ninadhani sehemu ya lawama ni ya sheria hiyo. Wanaoitetea husema kwamba inalinda familia. Ninawaomba wafikirie ni akina nani wanaolipa. Tunalipa sisi, ndiyo. Lakini analipa pia kila msichana anayetajwa, anayeposwa na hata kuolewa na mwanamume anayejificha, naye anaishi akijiuliza kosa lake ni nini. Familia ya namna hiyo imelindwa na nini? Hata hivyo siwezi kuitwisha sheria mzigo wote. Sheria ilinipa hofu. Kidole kilikuwa changu. Ningeweza kuogopa na bado nikasema ni wimbo wa Kidum.

Isidhaniwe kwamba ninajutia fumbo lenyewe. Lipo lililonipa siku njema kuliko zote. Tulikuwa wawili, tumekaa ufukweni mwa Tanganyika, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Yeye alikuwa na hedifoni. Alinipa upande mmoja, akabaki na wa pili. Ulikuwa wimbo mwingine wa Kidum, Haturudi Nyuma, alioimba na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Wimbo una sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, nasi tulinyamaza tu, hakuna aliyechagua aimbe ipi. Ulipoisha aliurudisha mwanzo. Hatukusema neno, na mpita njia angeona vijana wawili wanasikiliza muziki, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hapo hakuna aliyeachwa nje akidanganywa, wala aliyetumiwa.

Baada ya kufikiri hivi ilinibidi nitende. Niliogopa sana kwamba kulipa deni lile maana yake ni kumweleza yule msichana kila kitu, na sikuwa tayari kuyaweka maisha yangu mikononi mwa mtaa mzima. Kisha nikaona kwamba swali lake halikuwa juu yangu. Aliuliza juu ya kosa lake. Jibu la swali hilo ningeweza kulitoa bila kutoa siri yangu. Nilikwenda kwao, nikaomba tuzungumze nje ya lango.

Nikamwambia, "Dada, huna kosa lolote. Siku ile ya harusi nilikudanganya mbele ya watu. Nilijua tangu mwanzo kwamba sikupendi kwa namna hiyo, na nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Nisamehe."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Ungeniambia mapema, kaka," alisema, akaingia ndani. Hajanisamehe waziwazi, wala sijamdai. Kwa shangazi nilisema vilevile, kwamba ule ulikuwa uongo wangu na binti hahusiki. Shangazi alininunia wiki mbili. Maswali ya binamu zangu yamerudi, nami nayajibu kwa kunyamaza.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba fumbo si uongo, maadamu hakuna anayelipia gharama yake bila kujua. Nina haki ya kuuchukua wimbo wowote ulionigusa, kama alivyouchukua Makeba, na kuujaza mtu ninayemtaka. Sina haki ya kumkabidhi mtu mwingine wimbo huo ili anifiche. Nanyi wenzangu, msomao insha hii darasani au mabwenini, nina ombi moja dogo. Mkimwona mtu anaimba amefumba macho, mwacheni amalize. Msimwulize wimbo ni wa nani.