Kazi Isiyotajwa Ina Mwenyewe

Maktaba inapobadili huduma zake, imtafute kwanza mtu au ichambue kwanza kazi? Swali hili huachiwa maofisa wa utumishi, kumbe ni la maadili. Kazi isiyotajwa haikosi wa kuifanya. Inachokosa ni malipo na heshima. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Anayemwongoza mnyama hakusomea ukutubi, lakini bila yeye kitabu hakifiki. Mkutubi Ranganathan wa India, katika kanuni zake tano za ukutubi za mwaka 1931, aliipima maktaba kwa faida anayoipata msomaji. Kwa kipimo hicho, mchunga ngamia naye ni mtumishi wa maktaba, na uchambuzi unaomwacha nje umemdhulumu.

Tuipeleke hoja hii Dabani, wilayani Busia, Uganda. Huko mtoto huongea Kisamia au Kiteso nyumbani na Kiingereza darasani, na kwenye mpaka na Kenya husikia Kiswahili. Maktaba itakayomfaa inahitaji mtu wa kusimulia, kutafsiri na kumshika mkono mzee asiyewahi kugusa kompyuta. Hayo yasipoandikwa, atatafutwa mwenye cheti cha kupanga vitabu, na mengine yatamwangukia kijana anayeona haya kukataa.

Wapo watakaosema kwamba utumishi ni wito, na wito hauorodheshwi. Ni kweli, na Dabani yenye parokia kongwe inalielewa neno hilo. Lakini Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Kumwambia mtu ana wito huku majukumu yake hayana mwisho ni kuutumia wito huo kumnyonya. Wengine watasema bajeti inamtosha mtu mmoja tu, kwa hiyo uchambuzi ni anasa. Kinyume chake, aliye peke yake ndiye anayehitaji zaidi kujua lipi aache. Maktaba ya jamii ya Kitengesa, karibu na Masaka, ni maskini pia, lakini wanafunzi wanaofanya kazi humo husaidiwa karo: kazi yao imetajwa, ikapewa thamani.

Hata hivyo orodha ya majukumu hupima kazi, haimpimi mtu. Anayeajiriwa atagundua mahitaji ambayo hakuna aliyeyaona mezani. Basi apewe haki ya kuisahihisha orodha hiyo, na mshahara uifuate.