Katika Hukumu ya Kufuta Khabari za Uwongo

Ama baad. Ushetu, katika nchi ya Kahama, ni bara ya mbali. Walakini uwongo wa siasa uliozushwa asubuhi Dar es Salaam, kabla ya adhuhuri umekwisha mfikia mchimba dhahabu wa huko katika simu yake, wala hajui umetoka kwa nani. Twajua sote kuwa khabari isiyo na isnadi haipati nguvu kwa kupita vinywa vingi. WhatsApp walipoweka mwaka 2019 kwamba mtu asipeleke ujumbe mmoja kwa zaidi ya watano mara moja, walifanya jema: hawakumhukumu mtu, walipunguza mbio tu.

Kufuta ni jambo jingine. Kufuta ni hukumu, na hukumu ina mdai, na huenda mdai ndiye mwongo. Disemba 2021 kampuni ya Twitter ilitangaza kuwa imeziondoa akaunti 268 zilizokuwa zikipeleka mashitaka ya hila juu ya watu wa FichuaTanzania, jumuiya ya kutetea haki. Tazameni hila yenyewe: waliyachukua maneno ya wale watu, wakayatia katika kurasa walizozitengeneza wao, wakazipa tarehe za nyuma, kisha wakadai kuwa ndio waliotangulia kuyaandika na wenziwao ni wezi!

Katika madhehebu yetu ya Shafii ushahidi u juu ya mdai, na kadhi asiyeijua lugha ya wagomvi hatosheki na mkalimani mmoja. Hutaka wawili waadilifu. Je, hawa wakaao California wana wakalimani wangapi wa Kiswahili, seuze Kisukuma?

Atasema msemaji: uwongo haungojei mashahidi, na damu yaweza kumwagika. Kweli. Basi ule unaochochea kuua, au unaowadanganya watu siku ya kupiga kura, na uzuiliwe papo hapo. Lakini kuzuia si kufuta. Mwenyewe na aarifiwe kosa lake, asikizwe siku ile ile, na mdai atakiwe ushahidi. Aya ya Sura ya Hujurat imetuamrisha kuhakikisha khabari ya fasiki. Haikutuamrisha kumkata kila mtu ulimi.

Ama kuufunga mlango wote, kama ilivyokatwa intaneti nchini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, huko kumemnyamazisha mzushi na mwenye kumkanusha pamoja, na yule mchimba dhahabu akabaki na uvumi aliokwisha usikia jana.