Nani Ailinde Nyumba ya Ibada?

Katika masuala yanayozungumzwa sana barazani kwetu bila ya kupatiwa jawabu la kutosheleza, ni hili: je, yafaa Waislamu washirikiane na serikali katika kuilinda misikiti? Wako wasemao kuwa msikiti ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, na Mwenyewe atosha kuilinda. Basi mwenye kutaka mlinzi mlangoni imani yake ni dhaifu. Wako wengine wasemao kuwa askari asikaribishwe hata kizingitini, kwani hana kheri anayotuletea. Na liko kundi la tatu, nalo ni la wanaopokea kila waletewacho na wakubwa pasina kuuliza. Sisi twaona kuwa makundi yote matatu yameiacha njia, na twataka kueleza sababu.

Ama kundi la kwanza, twawakumbusha sala ya khofu. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 102, Waislamu wamefundishwa namna ya kuswali adui akiwa karibu: kundi moja liswali, na jingine lilinde, kisha wabadilishane, na silaha zisiwe mbali nao. Lau kumtegemea Mungu kungalikuwa ni kuacha kulinda, basi wale waliokuwa wakiswali nyuma ya Mtume (s.a.w.) ndio wangalistahiki zaidi kuacha. Walakini wao waliamrishwa kulinda, na ulinzi ukawa ni sehemu ya ibada yenyewe. Sayyidna Umar alichomwa jambia ndani ya msikiti wa Madina katika sala ya alfajiri, mwaka 23 wa Hijra (644), na Sayyidna Ali akapigwa upanga katika msikiti wa Kufa mwaka 40 (661). Ni nani atakayethubutu kusema kuwa imani yao ilikuwa ndogo? Na katika zama zetu hizi, siku ya Ijumaa tarehe 15 Machi 2019, mtu mmoja mwenye bunduki aliingia katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand, na watu 51 wakafa. Hao walikwenda kuswali kama tuendavyo sisi.

Ama kundi la pili, hatuwezi kuwaambia kuwa wamezua, kwani uchungu wao una sababu. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliuingia Masjid Musa, Majengo, Mombasa, wakakamata watu zaidi ya 100, na damu ikamwagika. Serikali ilisema kuwa mlikuwa na mkutano wa kuwavuta vijana katika vita. Novemba ya mwaka huo huo misikiti 4 ya mji wetu ilifungwa kwa muda, kwa hoja kuwa silaha zimepatikana ndani. Yawezekana askari walikuwa na hoja, na yawezekana walipita mpaka. Lakini maelfu waliokuwa hawana silaha wala mkutano walikuta mlango wa nyumba ya Mola wao umefungwa. Aliyevunjiwa mlango hamwamini upesi aliyeuvunja akija kuomba ufunguo.

Pamoja na hayo, twawauliza ndugu zetu hawa: tukiukataa ulinzi wote, nani atasimama njiani akija mwenye bunduki? Kamati ya msikiti ina fedha za mafuta ya taa na mikeka; haina nguvu ya kumzuia muuaji aliyekwisha kupanga. Nguvu hiyo iko mikononi mwa serikali, nayo haikupewa iwe pambo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, imempa kila mtu haki ya usalama wa nafsi yake, na katika kifungu cha 32 imempa uhuru wa dini na ibada. Basi ulinzi huu ni deni tunalolidai. Si sadaka, wala si hisani. Na hili ndilo jawabu letu kwa kundi la tatu: anayelipwa haki yake hawajibiki kulipa kwa kunyamaza.

Sasa twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Wanaogombana katika suala hili wamechanganya vitu viwili, mlinzi na jasusi. Mlinzi wa msikiti huupa msikiti mgongo, macho yake yakaangalia njia ajayo adui. Jasusi huipa njia mgongo, macho yake yakawaangalia wanaoswali. Wote wawili huweza kuvaa nguo moja na kusimama mlango mmoja; yanayowapambanua ni macho yameelekea wapi. Wanahistoria wengi humnasibishia Muawiya kujenga maksura, yaani kizuizi ndani ya msikiti cha kumkinga mtawala asije akauawa kama waliomtangulia. Khofu yake ilikuwa na sababu. Lakini tuone lile kusudi lilivyogeuka: ukuta ule ulimlinda mtawala na wenye kuswali, haukuwalinda wenye kuswali.

Mifano ya pande zote mbili imo katika nchi moja, nayo ni Uingereza. Mwaka 2010 iligunduliwa katika mji wa Birmingham kuwa kamera zaidi ya 200 zimewekwa katika mitaa wanamokaa Waislamu wengi, nyingine zikiwa zimefichwa. Watu waliambiwa kuwa ni za kuzuia wezi na wahuni, ilhali fedha zake zilitoka katika fungu la kupambana na ugaidi. Watu wakapiga kelele, na mwaka 2011 zikang'olewa. Na serikali ya nchi hiyo hiyo, tangu mwaka 2016, ina mpango wa kuzisaidia nyumba za ibada zilizo khatarini ziweke kamera, nyua na taa, na wenye nyumba ndio wanaopeleka maombi. Chombo ni kile kile, kamera, lakini ya kwanza iliwekwa juu ya watu, na ya pili iliwekwa kwa ajili yao. Huko New Zealand nako, tume iliyochunguza mauaji ya Christchurch ilisema katika ripoti yake ya mwaka 2020 kuwa vyombo vya usalama vilikuwa vimeelekeza nguvu zao kwa Waislamu kupita kiasi, ijapokuwa tume haikuona kuwa kosa hilo ndilo lililompa muuaji nafasi. Kwa hivyo waliokuwa wakitazamwa kama khatari ndio waliouawa.

Basi sisi twasema ushirikiano wafaa, bali wapasa, kwa masharti. La kwanza, uwe wazi. Maafikiano yaandikwe, na yasomewe watu baada ya sala ya Ijumaa, wajue nani atalinda, kwa muda gani, na picha za kamera zitakaa kwa nani. La pili, uishie mlangoni na usipande mimbarini. Khatibu ambaye hotuba yake inapimwa na aliyenunua taa za uani, huyo si khatibu tena. La tatu, ulinzi usiwe wa msikiti peke yake. Sura ya Al-Hajj, aya ya 40, imezitaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kuwa ni mahali ambapo watu kuzuiliana wao kwa wao huepusha kubomolewa. Mwenye kudai ulinzi wa msikiti wake na asijali kanisa la jirani yake, ametaka nusu ya aya.

Na sharti hili la tatu si maneno matupu katika nchi yetu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa, na watu wasiopungua 15 wakauawa. Viongozi wa Kiislamu wakaazimia kuwatoa vijana wa Kiislamu wakasaidie kulinda makanisa. Na tarehe 23 Machi 2014 waumini walipigwa risasi kanisani Likoni, ng'ambo ya kivuko chetu. Aliyewapiga watu wakimwomba Mungu hakuutetea Uislamu. Aliupaka damu ambayo sisi wengine twalazimika kuieleza kila tupitapo.

Limebaki deni letu sisi wenyewe. Hatuwezi kudai askari asiingie ndani, na sisi ndani hatujui mna nini. Kamati ijue ni nani analala msikitini, na ni nani anawakusanya watoto baada ya Isha na kuwafunza nini. Vijana wapangwe zamu mlangoni siku ya Ijumaa, na milango ya kutokea isifungwe kufuli watu wakiwa ndani. Na pakionekana maandalizi ya kuua, kuyafichua si ujasusi, bali ni kumlinda anayetaka kuuawa na anayetaka kuua. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliomfuata mhubiri wao hata wakafa njaa. Utukufu wa mimbari hauwi ngao ya mwenye kuangamiza nafsi, awe wa dini yo yote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watawala wetu macho ya kumwona adui wa kweli, na atupe sisi ushujaa wa kudai haki yetu bila ya kuiuza dini yetu, na azihifadhi nyumba zote ambamo jina Lake latajwa. Amin.