Mganga Hajigangi: Je, Hiyo Ni Hoja?

Wazee wetu husema "mganga hajigangi", na maneno hayo yamezoeleka hata yakawa kama sheria. Aliyeyatamka mwanzo yaelekea alikusudia kwamba mtu hawezi kuyapima maradhi yake mwenyewe kwa insafu, na kwa hivyo yampasa amwendee mwenziwe. Maana hiyo ni njema, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini watu wameyageuza. Leo hufahamika kwamba tabibu hana haki ya kuugua, wala kuchoka, wala kulala. Kana kwamba aliuuza mwili wake siku alipovaa koti jeupe. Basi swala tutakalo kulitazama ni hili: yafaa skuli za utabibu zimfundishe mwanafunzi kuutunza mwili wake na moyo wake, kama zimfundishavyo kumtunza mgonjwa? Au mafundisho hayo ni ya uvivu na kujipenda nafsi?

Wenye kuyapinga wana hoja, wala haifai kuidharau. Husema kuwa mgonjwa wa saa nane za usiku hangoji daktari aamke, na kuwa kijana aliyelelewa kwa raha hataiweza kazi hiyo. Husema tena kuwa madaktari wa zamani walikesha, na watu walipona. Ni kweli kwamba walikesha. Ama kuwa watu walipona kwa sababu ya kukesha huko, hilo lataka dalili, na dalili zilizopatikana zaelekea upande mwingine. Mwaka 2004 wataalamu wa Boston, Marekani, waliwalinganisha madaktari wapya wa chumba cha wagonjwa mahututi. Walipofanya kazi kwa zamu ndefu za desturi, walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopunguziwa zamu. Na kabla ya hapo, mwaka 1984, msichana wa miaka 18 alifariki katika hospitali moja ya New York mikononi mwa madaktari wanafunzi waliokuwa na zamu ndefu na wagonjwa wengi. Babake hakunyamaza. Jimbo hilo likaweka mpaka wa saa 80 kwa juma mwaka 1989, na Marekani nzima ikafuata mwaka 2003. Saa 80, ndugu msomaji, ndizo walizoziona kuwa nafuu!

Ama wanafunzi wenyewe, hali yao yatisha. Mwaka 2016 jarida la utabibu la JAMA lilikusanya uchunguzi mwingi kutoka nchi zaidi ya 40, ikaonekana kuwa wanafunzi 27 katika kila mia wana dalili za huzuni nzito, ile iliyofikia kuwa maradhi, na kama 11 katika mia wamepitiwa na fikra ya kujiua. Lililotushangaza sisi si hilo peke yake. Katika wale walioonekana na huzuni hiyo, waliokwenda kutafuta tiba walikuwa kama 16 tu katika mia. Hawa ni watu walao na kulala karibu na madawa, waalimu wao ni matabibu, na bado hawendi. Kwa nini? Kwa kuwa wamefundishwa, ijapokuwa hapana kitabu kilichoandikwa hivyo, kwamba tabibu mgonjwa ni aibu. Mganga hajigangi, wala haendi kugangwa.

Kiapo cha madaktari kilichotolewa Geneva mwaka 1948 kiliwaeleza wajibu wao kwa wagonjwa, kwa waalimu na kwa wenzao, kisiseme neno juu ya nafsi zao. Ilipita miaka 69. Mwezi wa Oktoba 2017, walipokutana Chicago, ndipo walipoongeza ahadi ya daktari kuiangalia afya yake mwenyewe, ili apate kuwahudumia watu kwa kiwango cha juu. Itazame sababu waliyoitaja: ni mgonjwa. Hapo hoja ya kujipenda nafsi huanguka, kwani mwili wa tabibu ni kama chombo cha nahodha. Hakitunzwi kwa mapambo, hutunzwa kwa ajili ya abiria. Na jambo hilo si geni kama wadhanivyo baadhi ya vijana wetu, kwamba kila jema huzaliwa Ulaya. Is-haq bin Ali Ruhawi, katika karne ya 9, aliandika kitabu cha adabu ya tabibu, na katika milango yake ya kwanza alieleza jinsi tabibu apaswavyo kuisafisha tabia yake na kuutunza mwili wake na viungo vyake, kabla hajafika kwenye mambo ya wagonjwa.

Basi wafundishwe nini? Katika chuo cha Georgetown, Washington, wanafunzi hukaa makundi madogo ya kama watu kumi pamoja na mwalimu, wakajifunza kutulia, kupumua polepole, na kuyasema yaliyo moyoni bila ya kuchekwa. Wako watakaosema kuwa kukaa kimya na kuhesabu pumzi ni ibada za watu wengine. Twajibu kuwa pumzi si mali ya dini yo yote. Kinachokatazwa ni kuabudu, si kupumua.

Lakini hapa twataka tahadhari kubwa. Isije skuli ikamfundisha kijana kupumua, kisha ikamrudishia mzigo ule ule uliomkatiza pumzi. Hapa Kenya madaktari waligoma siku 100, tangu Disemba 2016 hata Machi 2017. Mwaka 2024 wakagoma tena, na moja katika sababu ilikuwa madaktari wapya walio mafunzoni: mapatano ya 2017 yaliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Kijana wa namna hiyo ukimwambia atulize moyo wake, umemdhihaki. Kujitunza ni wajibu wake, lakini kumpa nafasi ya kujitunza ni wajibu wa aliyemwajiri.

Limebaki jambo la kuunganisha tiba: kuwafundisha wanafunzi habari za mitishamba na dawa za jadi pamoja na za hospitali, kama chuo kikuu cha Arizona kilivyoanza kufanya mwaka 1994. Sisi twaunga mkono, kwa sharti moja: mizani iwe moja. Mwarobaini hautibu maradhi arobaini kwa kuwa jina lake lasema hivyo. Bibi Tu Youyou wa China aliyatafuta maandishi ya kale ya kwao, akaona majani ya homa yakitiwa maji baridi na kukamuliwa, si kuchemshwa. Akajaribu, akashindwa, akajaribu tena bila ya moto mkali, hata akapata dawa ya malaria itumiwayo leo katika zahanati zetu. Akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hakuisadiki jadi kwa upofu, wala hakuicheka. Na Shirika la Afya la Ulimwengu lakataza hata leo kuitegemea chai ya majani hayo badala ya dawa iliyopimwa.

Tena, mwanafunzi asipojua dawa za nyumbani atawadhuru watu. Mzizi mtamu uitwao na Waarabu irki sus, ukitumiwa kwa wingi, hupandisha shindikizo la damu. Bibi mzee wa Mji wa Kale aweza kuutafuna kila siku na huku anapewa vidonge vya kuishusha, na daktari akawa anaongeza vidonge tu. Bibi hasemi, kwani achelea kukemewa. Yataka daktari akae, amwamkie kwa heshima, amuulize: "Bibi, nyumbani mwatumia dawa gani?" Kisha angoje jawabu, mpaka bibi afungue pindo la leso yake amwonyeshe. Daktari ambaye hajalala tangu jana hatangoja.