Si Kila Kinachonuka Huua, Wala Kila Kisichonuka ni Salama

Wanangu wa Cheptais mnaojiandaa kupokea mtoto, tulieni kidogo mnisikilize.

Siku hizi mimba ikishajulikana, nyumba hubadilishwa. Godoro la nne kwa sita linatoka ili la tano kwa sita liingie, ukuta unapakwa rangi, pazia jipya linashonwa. Ni jambo jema. Sisi tulilalia ngozi za ng'ombe na magunia, na simwombei mtu yeyote arudi huko. Ila godoro hilo likishateremshwa kutoka kwenye bodaboda, likitokea Kitale au Chwele, na kamba zikafunguliwa, harufu nayo hujimwaga chumbani. Hapo ndipo maneno huanza. Mke anasema anataka kutapika, mume anasema hasikii kitu, mama mkwe anasema huyu msichana anadeka.

Ushauri wangu ni huu: harufu hiyo isipuuzwe, wala isiogopwe kupita kiasi. Pua ni mlinzi wa langoni. Humpigia kelele kila anayekuja, mwizi na shemeji sawasawa, na anayenyata bila kishindo humpita. Kazi ya wenye nyumba ni kutoka nje na kuangalia ni nani aliyefika.

Tuanze na godoro lenyewe. Spongi yake hutokana na kitu kiitwacho poliurethani, kilichobuniwa na Mjerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Kiwandani, kemikali za majimaji huchanganywa na maji kidogo, na zikikutana hutoa gesi ambayo huumua mchanganyiko mpaka ukajaa vitundu. Ukishaganda, zile kemikali kali zinakuwa zimeshikamana na kuwa spongi. Kinachoendelea kutoroka ni masalio: vichocheo vilivyotumika kiwandani, gundi iliyobandika matabaka na kitambaa, na vimiminika vilivyoyeyusha gundi hiyo. Hugeuka mvuke upesi hata bila kuchemshwa, na joto huviharakisha. Ndiyo maana godoro lililoonekana tulivu mchana huanza kunuka usiku: mwili wako umelipasha, na pua yako iko hapo hapo juu yake.

Jambo la kufariji ni kwamba masalio hayo hayaongezeki. Yaliyotoka yametoka. Siku za kwanza ndizo kali, kisha harufu hupungua siku baada ya siku, na kwa kawaida baada ya wiki chache huwa haisikiki. Na kiasi kinachotoka kwenye godoro la kawaida, ndani ya chumba kinachopitisha hewa, ni kidogo. Kwa hiyo, binti yangu, kama ulilala juu yake usiku mmoja au miwili kabla ya kusoma maneno haya, usikeshe ukilia kwamba umemharibu mtoto. Lakini mjamzito hana sababu ya kuvuta kemikali anazoweza kuziepuka kwa kufungua dirisha. Mwenye pumu ana sababu mbili za kuziepuka.

Nanyi vijana wa kiume, neno hili ni lenu. Mimba huinoa pua. Wanawake wengi huanza kusikia kichefuchefu karibu na wiki ya 6, na wengi hupata nafuu baada ya wiki ya 12 au ya 16. Katika muda huo, harufu ambayo wewe huisikii inaweza kumtoa mwenzako mezani bila kuonja kitu. Na mjamzito anayetapika kila usiku hupoteza maji na nguvu, hata kama harufu yenyewe haina sumu ya kutisha. Basi usimwambie anadeka. Beba godoro ulitoe nje.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hapa methali hiyo ni maagizo ya kazi. Godoro kuukuu lisiuzwe wala lisigawiwe siku ile jipya linapoingia. Nunueni mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya siku za kujifungua, mwendelee kulalia la zamani huku jipya likipigwa na upepo.

Kwanza, vueni lile nailoni. Najua desturi yetu: godoro hukaa ndani ya nailoni yake miezi, hata mwaka, ili wageni waone ni jipya. Nailoni huifungia harufu ndani, hukusanya jasho chini ya mgongo, na jasho huzaa ukungu. Mtoto akizaliwa, kipande kilicholegea kinaweza kumfunika pua na mdomo. Kama mnataka kulikinga godoro, litieni foronya ya kitambaa inayofuliwa.

Pili, lianikeni kwa akili ya huku mlimani. Nyumbani kwetu Elgon, asubuhi huwa nyeupe na mvua mara nyingi hushuka alasiri. Litoeni umande ukishakauka, mlisimamishe kwa ubavu chini ya paa la baraza au kivulini, upepo ulipite pande zote mbili, na mlirudishe kabla ya mawingu kujaa. Jua kali la siku nzima huichosha spongi ikawa ya njano na kumeguka. Mvua ni mbaya zaidi, kwa maana spongi iliyolowa ndani haikauki upesi, na ukungu utakaoota humo utamsumbua mtoto kuliko harufu mliyokuwa mkiikimbia.

Wenye chumba kimoja cha kupanga, msiseme hamna pa kuanika. Likisimamishwa ukutani mchana, mlango na dirisha vikiwa wazi, joto la mabati litalitoa harufu na upepo utaibeba. Mwenye mimba akae nje au kwa jirani saa hizo. Ikiwa ni lazima mlilalie usiku huo huo, dirisha liachwe wazi kiasi, na mjifunike blanketi zaidi.

Tatu, msiifunike harufu kwa harufu nyingine. Manukato ya kupulizia, dawa ya mbu ya mkebe, uvumba, matone ya mafuta ya taa, yote huongeza kemikali juu ya kemikali. Msilioshe kwa Jik. Na rangi ya ukuta ipakwe wakati mjamzito analala kwingine, arudi ikiwa imekauka na chumba kimepunga hewa.

Nne, godoro kuukuu likishamaliza kazi msilichome nyuma ya nyumba. Poliurethani ikiungua hutoa moshi wenye monoksidi ya kaboni na sianidi, sumu mbili zinazoua kwa dakika chache mahali palipofungwa. Hiyo ndiyo sumu ya godoro ninayoiogopa kweli. Mshumaa na koroboi visikae karibu na kitanda, hata mara moja, hata stima ikipotea katikati ya kunyonyesha.

Sasa nitoke kwenye godoro, maana chumba kina mengine.

Kuna harufu msiyopaswa kuikimbia. Mjamzito akianza kliniki hupewa chandarua kilichotiwa dawa. Kikifunguliwa hunuka, na pengine huwasha macho kidogo. Nimeona vyandarua vikikunjwa na kufichwa kabatini, vingine vikawa uzio wa vifaranga, eti dawa yake itamdhuru mtoto. Kitundikeni kivulini siku nzima, saa 24, kisha kilalieni. Malaria katika mimba humpunguzia mama damu, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo au mimba huharibika. Bungoma ni nchi ya malaria, na baridi ya Cheptais haimzuii mbu kupanda mlima. Dawa ya chandarua imepimwa kwa ajili ya wajawazito hao hao.

Kuna hatari isiyonuka kabisa. Jioni ikipoa, mvua ikigonga mabati, jiko la makaa huingizwa chumbani, mlango unafungwa, na vitambaa vinasukumwa kwenye nyufa. Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, basi kila mtu anaona ni salama. Lakini yanatoa ile monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, rangi wala ladha. Hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu kuliko ya mama, na huchelewa kuiachilia, hivi kwamba mama anaweza kuamka na kichwa kizito tu huku mtoto akiwa ameumia zaidi. Nimewahi kusikia familia ikisema, "Tuliwasha jiko ili godoro likauke harufu." Wanangu, hapo mmemfukuza paka mkamkaribisha chui.

Dalili yake ijueni. Kichwa kikiwauma wengi ndani ya nyumba kwa wakati mmoja, mkasikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha mkitoka nje mnapata nafuu, hilo si godoro na si mimba. Ni jiko. Tokeni wote, jiko litolewe, na mjamzito apelekwe hospitali hata akisema amepona. Jiko likae jikoni, penye hewa. Baridi ya chumbani tiba yake ni sweta, soksi na blanketi.

Tena kuna harufu ya kukimbia bila kuuliza. Sisi ni watu wa mahindi, kuanzia huku hadi Kitale. Baada ya mavuno, kwa kuogopa wezi, magunia hupangwa pale pale tunapolala, wakati mwingine yakawa ukuta wa kitanda. Ndani yake kuna dawa ya dumuzi. Ile ya unga haifai kupumuliwa usiku kucha. Lakini vile vidonge vya kufukizia ni kifo. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya gunia kama gunia halipo. Mara nyingine hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, mara nyingine hainuki vya kutosha kumwamsha aliyelala. Haina dawa ya kuizimua. Hakuna mtu, awe na mimba au asiwe nayo, anayepaswa kulala chumba kimoja na mahindi yaliyotiwa vidonge hivyo.

Njia nyingine ipo. Kausheni mahindi mpaka unyevu ufike asilimia 13.5, kiwango kile kile kinachotakiwa na Bodi ya Nafaka, kisha myafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki ndani ya gunia. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, bila dawa hata chembe. Mfuko una bei, lakini msiupime kwa bei ya gunia tupu.

Kwenye kununua godoro nina machache. Msidanganywe na neno "hai densiti" lililoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuteni alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, muangalie namba iliyo chini yake, muitume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ikitanguliwa na SM na alama ya reli, mjibiwe kama kibali ni cha kweli. Bonyezeni, fungueni zipu kama ipo. Lililoundwa kwa vipande vya spongi vilivyogandishwa lina gundi nyingi zaidi ya lililokatwa kutoka bonge moja. Linuseni dukani, na mke akiweza aende mwenyewe, maana pua yake sasa inashinda ya muuzaji. Wekeni risiti. Wiki zikipita, mmelianika vizuri, na bado linawasha macho na kubana kifua, lirudisheni bila aibu.

Mwisho, mficha uchi hazai. Ukiona kifua kinabana, unakohoa usiku, kichwa hakikuachi, au unatapika mpaka mkojo unakuwa mweusi, mwambie muuguzi kliniki au mhudumu wa afya ya jamii anayepita kijijini. Mtajie kila kitu kilichomo chumbani: godoro, rangi, jiko, mahindi. Muuguzi haoni chumba chako, anaona kitabu chako cha kliniki tu. Na mtoto akipunguza kucheza tumboni, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Mkinisikia, mtapanga kazi kwa uzito wake na si kwa ukali wa harufu yake. Magunia yenye dawa yatoke chumbani leo, kabla ya jua kutua. Jiko litoke jioni hii. Chandarua kitundikwe. Kesho asubuhi, umande ukikauka, ndipo mshughulikie godoro.