Bustani ya Shule, Pesa ya Nani?

Shule nyingi za Tanzania zina bustani, na wengi waliopitia humo wanaikumbuka kwa jembe tu. Mchicha waliulima, bei yake hawakuijua. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 haukukusudia hivyo: Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika maamuzi yake. Jembe likabaki, maamuzi yakayeyuka, na mahali pengine kulima kukawa adhabu ya wachelewaji. Ndiyo maana wazo la gulio la wanafunzi, wakiuza wenyewe mboga za bustani yao siku moja kila wiki, naliunga mkono kwa sharti moja: bei, fedha na daftari la mauzo viwe mikononi mwao.

Kuuza kunafundisha mambo ambayo kulima peke yake hakuyagusi. Mchicha huwa tayari wiki tatu au nne tangu kusiwa. Darasa likisia matuta yote siku moja, litafurika mboga wiki moja, kisha meza ikae tupu, na mteja aliyekuja mara ya pili bure harudi tena. Hapo ndipo watakapoona sababu ya kusia tuta moja moja kwa kupishana. Jioni mafungu yaliyobaki yanaanza kunyauka: wapunguze bei, au wamwongezee mteja fungu dogo juu? Na kabla ya kutamka neno faida, watoe kwanza gharama ya mbegu, samadi na maji. Kuna pia mizani. Nchi inayohangaika miaka nenda rudi na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo ili mkulima apunjwe, ina kila sababu ya kutaka mtoto ajue mapema kwamba kilo ni kilo.

Mzazi atasema mwanawe alikwenda kusoma, si kuchuuza mboga. Ana haki, gulio linalokula vipindi limepotoka, kwa hiyo lifanyike baada ya masomo, kwa zamu. Wapo watakaoita jambo hili utumikishaji wa watoto, na pale mapato yanapoishia ofisini bila maelezo, sina la kuwajibu. Hoja nzito zaidi kwangu ni ya mama anayeuza mboga nje ya geti. Bustani isiyolipa kibarua wala pango inaweza kuuza kwa bei ya kutupa na kumvunjia biashara. Basi wanafunzi wasishuke chini ya bei ya mtaa, au wamuuzie yeye kwa jumla. Kupatana bei na mtu anayeijua biashara kuliko wao ni somo ambalo hakuna kitabu cha kiada kitakachowapa. Kuhusu wizi, dawa yake ni ya kawaida: anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika.

Walimu wakuu, kabla ya kutafuta meza na turubai, kubalianeni kwamba kila mwisho wa mwezi hesabu itasomwa na wanafunzi wenyewe mbele ya waliolima, na kikao cha wazazi kipewe nakala. Shule isiyo tayari kwa hilo iendelee kulima mboga za jiko lake, isiiite kazi hiyo gulio la wanafunzi.